Ile Haiko Dawa, ni Kinga

Mnicheke tu. Binti wa dada yangu, anayesomea uuguzi kama ninyi, alinicheka juzi mbele ya wenzake: "Tantine, weye peke yako njo unaogopaka mutu akinona." Ndiyo, ninaogopa, na sioni haya. Mtu akikonda ninamhurumia, ninamwuliza kikohozi, ninamtafutia cha kutia mdomoni. Lakini mtu aliyenona ghafula, bila sababu, anaingia mlangoni mashavu yanang'aa na anatabasamu, huyo ndiye ninayemwogopa. Nilikuwa muuguzi kule Kasha, juu ya Bagira, na vita zote mbili zilinikuta hapo na blauzi yangu nyeupe. Niliogopa bunduki, niliogopa kipindupindu, niliogopa basoda, wale askari walevi waliofunga njia kwenye bariyeri. Mimi ni mwoga tangu kuzaliwa, mama yangu alisema hivyo. Lakini hata leo, nikiona shavu lililojaa pasipo sababu, ninaketi kwanza.

Basi ketini na ninyi, niwaambie.

Lazima muelewe kwamba wakati ule hapakuwa na mtu mnene. Wakulima waliacha mashamba wakakimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Mihogo iling'olewa ingali vidole. Ng'ombe walikwenda na wenye bunduki. Mjini, mwalimu alifundisha bila mshahara na mwanafunzi alisinzia kwa njaa. Sasa katikati ya watu hao, mtu mmoja anaanza kunona. Pale kwenye robine, tulipopanga mabidoni kungoja maji, swali lilikuwa moja: huyu anakula wapi? Na jibu lilikuwa moja vilevile: anakula na basoda. Niliona kwa macho yangu mama mmoja akifukuzwa kwenye nyumba ya kupanga kwa ajili ya tumbo kubwa, na lile tumbo lilikuwa uvimbe wa mfuko wa mayai. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo alipokuja kwetu, alikuwa na kifo pande mbili, kimoja ndani ya mwili na kingine nje kwa majirani.

Aliyenifundisha kutafuta alikuwa Sista Verediana, sista mzee mwenye mdomo mrefu na mkono mwepesi. Alikuwa na sheria yake: "Mbele ya kutafuta ugonjwa, vua mutu nguo." Mimi niliiona sheria ya kizee. Siku moja, wiki chache baada ya mapigano ya kwanza, akaja mama mmoja niliyekuwa nimempima mwezi uliopita. Nikamsimamisha juu ya mizani. Mshale ulikwenda, ukaendelea kwenda. Nikatoka mbio hadi kwa Sista: "Maji yamemujaa mwili muzima! Moyo umeshindwa!" Sista akaja polepole, akamwambia yule mama avue. Akavua kikwembe, chini kuna kikwembe. Akavua, kuna kingine. Chini ya hicho kuna uniforme ya shule ya mtoto, na kiunoni mfuko wa maharagwe umefungwa kwa kamba. Masikini ya Mungu, alikuwa anavaa nyumba yake yote, hata kulala, ili risasi zikilia akimbie na mali yake. Sista alicheka hadi akashika meza. "Apolina," akaniambia, "andika jina la ugonjwa: maharagwe."

Tulicheka naye yule mama pia. Halafu akavaa tena vyote, kimoja juu ya kingine, akarudi kwake.

Ndiyo maana ninawaambia, mizani inasema uzito, haisemi ni uzito wa nini. Vua nguo, kisha bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, usiwe na haraka. Shimo likibaki, ni maji, na maji yana wenyewe: uliza moyo, uliza figo, uliza ini. Sisi hatukuwa na maabara ya kujivunia. Tulichemsha mkojo kwenye kichupa juu ya taa ya alkoli, na ukigeuka mweupe kama ute wa yai ulioiva, tulijua figo zinavuja. Mwanamke muulize damu yake ya mwezi, hata akisema haiwezekani. Nimezalisha wengi wa haiwezekani. Na shika shingo. Alikuja mzee mmoja wa Idjwi, mkulima wa mananasi, amevaa koti zito saa sita mchana, anaongea kama mtu aliye ndani ya mtungi, neno moja, anapumzika, neno lingine. Watoto wake walisema amenona kwa uvivu. Kumbe tezi ya shingo ilikuwa imelala. Alipopata dawa miezi kadhaa, alirudi kutushukuru na maneno mengi mno, mpaka Sista akaniuliza kwa sikio kama hatuwezi kumpunguzia kidogo.

Mnaona, ninachelewesha. Ninazungukazunguka kwa sababu ninayetaka kuwaambia habari zake ananiogopesha mpaka leo.

Jina lake Nsimire. Alikuwa fundi wa kushona, nyumba yake si mbali na kituo chetu cha afya, na mume wake, Papa Bahati, alifundisha shule ya msingi. Alikuja katika vita ya pili, wakati mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Hakusema anaumwa. Alisema, "Maman Apolina, ninashona robe yangu mwenyewe mara ya tatu. Ninaongeza kitambaa, na mwili unaongezeka. Mwili huu si wangu."

Nilimtazama vizuri. Uso ulikuwa wa mviringo kabisa, mwekundu kidogo, macho yamezama. Tumbo limetangulia. Nyuma ya shingo kuna nundu ndogo. Lakini mikono na miguu, ee Mungu wangu, ilikuwa myembamba kama ya mwenye njaa. Nilipomvua nguo nikaona tumboni michirizi mipana ya zambarau, na mikononi alama nyeusi kila mahali, maana ngozi yake iliumia kwa kuguswa tu.

"Nani anakupiga?" nikamwuliza.

"Hakuna. Ninagusa meza, kunabaki alama."

Kisha akaanza kulia. Pale kwenye robine walikuwa wameacha kumsalimia. Mtu alitupa mawe juu ya bati lake mchana kweupe. Vijana wa mtaa walikuwa wamekamatwa na kupelekwa, hatukujua wapi, na watu walitafuta nani aliwauza. Shavu la Nsimire likawa ushahidi. Na kwenye bariyeri basoda nao walimsimamisha, wakamshika tumbo kwa mtutu wa bunduki, wakacheka: "Maman, weye unanona hivi, bwana yako iko mu pori? Njo anakuletea nyama?" Huku alikuwa mke wa basoda, kule alikuwa mke wa watu wa porini waliopigana nao. Nyumbani alikuwa na mtoto wa miaka minne na mume ambaye hakulala kwa hofu.

"Maman," akaniambia, "kama muko na jina ya huu ugonjwa, munipe hata jina tu. Niende nalo pale robine niwaambie."

Tulitafuta. Tulibonyeza mguu, hakuna shimo. Tulichemsha mkojo, ulibaki maji. Mimba hakuna. Shingo safi. Presha ilikuwa juu, juu ya kutisha kwa mwanamke wa umri wake. Daktari wetu, Dokta Cirhuza, kijana mtulivu aliyepanda kutoka mjini mara mbili kwa juma bariyeri zikimruhusu, alimzunguka, akamtazama nundu, akamtazama tumbo, kisha akanivuta pembeni.

"Maman Apolina, kuna homoni moja imemzidi. Ama tezi zilizo juu ya figo zake zinaitengeneza bila kipimo, labda kuna uvimbe, ama anaimeza kutoka fasi fulani. Kama ni kuimeza, tutamponyesha. Kama ni uvimbe, anahitaji kupasuliwa, na leo hii nani atamvusha mpaka hospitali kubwa?"

Basi tukauliza. Mimi nilimwuliza kwa Kiswahili, Dokta akamwuliza kwa Kifaransa, mama anayefagia kituo akamwuliza kwa Mashi: unakunywa dawa gani? Dawa ya kizungu? Dawa ya miti? Vidonge vya sokoni, vile wasichana wanameza ili wapate makalio? Nsimire alishika msalaba wa shingoni. "Hakuna. Nimekatala hata aspirini." Na hakuwa anadanganya. Kumbukeni hilo, ndilo jambo lenyewe. Alikuwa anasema kweli tupu.

Nilirudi nyumbani kwangu siku ile nikijua kwamba tunangojea kumzika. Sikuweza kula. Nilikuwa nimemzalisha yule mwanamke kwa mikono yangu, mtoto wake Bahati alinililia usoni mimi kabla ya mtu mwingine.

Juma lililofuata, asubuhi, nikapita kwake kumpima presha ili asipite mbele ya watu wa robine. Alifurahi kuona mgeni, maskini, maana hakuna aliyeingia tena. Akaniletea uji wa mtama. Sasa ninyi hamjui jinsi ilivyokuwa kunywa kwa mtu wakati ule. Kila mahali watu walisema karuho, karuho: sumu ya polepole, mtu anaificha chini ya ukucha, anagusa kikombe chako, nawe unakauka miezi mpaka unakufa. Mtu akifa kwa kifua kikuu, ni karuho. Akifa kwa ukimwi, karuho. Ndiyo maana huku kwetu mwenyeji anaonja kwanza mbele ya mgeni. Nsimire akaonja, akapangusa ukingo wa kikombe, akaninyooshea. Halafu akakirudisha.

"Ngoja Maman, nikuwekee na kinga. Weye unaingia kwa watu wengi."

Akatoa kichupa kwenye kabati, akachota unga kwa kijiko cha chai, akakoroga ndani ya uji wangu. Kwa upendo kabisa. Mkono wangu ukabaki hewani.

"Kinga ya nini, Nsimire?"

"Ya karuho. Koko wa Bahati njo alituletea."

"Unakunywa lini?"

"Kila asubuhi, mu uji. Tangu shemeji alikufa."

"Nsimire! Si tulikuuliza dawa?"

Akanitazama kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Ile haiko dawa, Maman. Dawa ni ya mugonjwa. Ile ni kinga."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kumpiga kofi na kumbusu. Miezi yote hiyo anainywa! Tulikuwa tumesimama kwenye mlango usio wake tukibisha. Kwa sisi sote hapa, dawa inakuja baada ya ugonjwa. Kinachokuja kabla kina jina lake. Mimi mwenyewe ningeulizwa, ningejibu vilevile. Tangu siku ile sikumwuliza mtu tena "unakunywa dawa gani." Ninauliza: tangu unaamka mpaka unalala, ni nini kinapita mdomoni, kinapakwa ngozini, kinawekwa mu uji, na ni nani anakupa. Ulizeni hivyo. Mtaambiwa mengi, mengine ya aibu, lakini mtaambiwa.

Ule unga ulitoka kwa mzee mmoja wa kijiji cha Nyantende aliyesifiwa kwa kinga yake. Koko, mama yake Papa Bahati, aliishi huko huko, na baada ya kumzika mwanawe mdogo aliapa hatamzika mwingine. Akatembea kwa mzee yule, akachukua vichupa viwili, kimoja chake, kimoja cha mkwe wake. Nsimire aliniambia akicheka kwamba Koko naye amejaa mashavu kama msichana, anaringa sokoni, anasema vita haimuwezi. Papa Bahati hakuwa akinywa, alidai inamuunguza tumbo.

Nilimwaga unga kidogo juu ya kitambaa, nikaenda nao kituoni. Siku ile Dokta alikuwepo. Tukautandaza kwenye jua. Ulikuwa unga wa mizizi, wa kahawia, lakini ndani yake kuna chembe nyeupe, na chembe moja ilikuwa kubwa: nusu ya kidonge, yenye mstari wa katikati kama vidonge vyote vya kiwandani. Mzee wa Nyantende alikuwa anasaga kotizoni, ile homoni aliyoisema Dokta. Ile ile ya wasichana wa sokoni. Inaondoa maumivu, inaleta hamu ya kula, inatia nguvu asubuhi, kwa hiyo kila aliyeinywa alisifu kinga.

Niliruka kwa furaha. Dokta hakuruka. Akanishika mkono.

"Maman, nisikilize vizuri. Asiache leo. Amekunywa muda murefu, tezi zake zimelala, mwili wake hauna yake tena. Akiacha kwa siku moja, presha itaanguka na tutamupoteza. Tutamupa vidonge vyenye kipimo, tutapunguza kidogo kidogo, miezi. Umwambie hivyo, leo."

Nilikuwa nimemwambia Nsimire wakati natoka: usiache kitu mpaka nirudi. Lakini Papa Bahati alikuwa ameketi kizingitini akifunga viatu vya shule, na alichosikia yeye ni kwamba kichupa kina jambo baya na muuguzi amekimbia na unga wake.

Kabla sijamaliza kuweka vidonge kwenye mkoba, risasi zikaanza upande wa chini. Kisha za juu zikajibu. Tulilala sakafuni na wagonjwa, masaa mangapi sijui, na baadaye basoda wakafunga barabara, wakaingia nyumba kwa nyumba wakitafuta vijana. Mtu hakuvuka uwanja wake. Kutoka kituoni hadi kwa Nsimire ni mahali pa kwenda ukarudi kabla maharagwe hayajachemka, na siku mbili nzima nilikuwa ninaona bati lake kwa mbali, nimeshika vidonge vyake, sithubutu. Niliwaambia kwamba mimi ni mwoga. Dokta alitaka kutoka, tukamshika kwa nguvu, maana kijana mwanaume asingefika.

Siku ya tatu asubuhi kukawa kimya. Nikatia mkobani ampule za kotizoni ya kudunga, sindano na maji ya mshipa, nikavaa blauzi nyeupe ili nionekane, nikatoka.

Uwanja wa Nsimire ulikuwa umejaa watu. Walewale wa robine. Papa Bahati alikuwa amewaambia kwamba mke wake alitiliwa karuho ndani ya kinga yenyewe, na kichupa amekitupa kwenye choo siku ileile. Basi majirani wakamsamehe Nsimire mara moja! Si mke wa basoda tena, ni mtu wetu, amelishwa sumu. Na kwa mapenzi yao yote walikuwa wanamtapisha. Mafuta ya mawese, maji ya chumvi, majani sijui gani. Tangu bunduki ziliponyamaza. Wanawake walikuwa wakiimba rozari, na kila alipotapika walisema, "Itoke, itoke!"

Nilimkuta juu ya mkeka, rangi ya majivu, jasho baridi. Macho yalikuwa wazi na hayakunitazama. Nilishika mkono, mapigo yalikuwa uzi. Presha sikuisikia.

"Acheni!" nilipiga kelele. "Acheni kumutapisha, anakufa!"

Nikatoa ampule na sindano. Papa Bahati akanishika kifundo cha mkono.

"Maman, ile ni dawa gani?"

Ningeweza kudanganya. Lakini yule alikuwa mwalimu, na kesho nitamhitaji aamini vidonge vilevile.

"Ni ile ile iliyokuwa mu kichupa," nikasema.

Watu wakasogea karibu. Halafu sauti ya mama mmoja nyuma: "Anataka kumumalizia." Mwingine akasema kwa utulivu, "Akifa na sindano yake ndani, na yeye hatoki." Na tulijua wakati ule maana yake. Tulikuwa tumeona watu wakichomwa kwa tairi na petroli. Nilijua pia kwamba hata nikimdunga, huenda tumechelewa, na hapo wote wawili tungebebwa siku moja.

"Papa Bahati," nikasema, "mwili wake umezoea. Umeutoa ghafula, umeanguka. Nitaurudisha, kisha tutautoa polepole. Niache."

"Onja," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Kama iko muzuri, onja weye mbele."

Nikavunja shingo ya ampule, nikamimina yote ulimini mwangu mbele yao, nikafungua mdomo waone. Chungu! Wakanitazama mimi. Hakuna aliyemtazama tena Nsimire, wote walinikodolea macho mimi, wakingoja nianguke, na yeye alikuwa anakufa miguuni mwetu dakika kwa dakika. Sikungoja ruhusa. Nikavunja ampule ya pili, nikapata mshipa mara ya kwanza, marehemu Sista Verediana alinishika mkono toka mbinguni, nikamdunga. Nikatundika maji ya chumvi na sukari kwenye msumari wa picha ya Bikira Maria. Kisha nikaketi chini, kidole juu ya mapigo yake.

Kabla ya adhuhuri Nsimire alipindua kichwa akaomba maji. Papa Bahati alitoka nyuma ya nyumba, tukamsikia akilia kama mtoto.

Sasa ninyi mnafurahi. Na mimi nilifurahi. Tulimpa vidonge vyenye kipimo, nikampunguzia nusu, kisha robo, na uso wake ukaanza kurudi, mifupa ya mashavu ikatokea, akaanza kupunguza zile robe alizoziongeza. Kwenye robine walimpa nafasi ya mbele. Dokta alimweleza Nsimire kila kitu, mume wake akiwa shuleni, jinsi mwili unavyolala, jinsi kuacha ghafula kunavyoua, na alielewa vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha. Kitu kimoja tu kilitusumbua: barabara ya Nyantende ilikuwa imefungwa na mapigano tangu siku ya zile risasi. Huko kulikuwa na watu wengi wa kinga, na Koko mmoja wao. Tukajituliza. Dokta alisema, wale hawajasikia chochote, wanaendelea kunywa uji wao, kwa hiyo watatungojea. Barabara ikifunguka tutawaambia habari nzima.

Barabara ilipofunguka, Papa Bahati alikwenda wa kwanza. Alirudi kesho yake. Mimi nilikuwa hapo nyumbani, ninampima Nsimire presha. Aliingia na matope hadi magotini, akaketi juu ya kitanda bila kusalimu.

"Walimuzika Mama zamani," akasema. "Alianguka tu. Alitapika, akawa baridi. Na jirani yake, na mke wa katekista. Wote namna moja."

Nsimire akaweka mkono mdomoni. Mimi niliuliza, na najuta nilivyouliza kwa haraka: "Lakini walikuwa bado na kinga?"

"Hapana, Maman. Mimi nilikuwa nimewaokoa na ile." Alisema akinitazama, macho makavu. "Siku ile ulikimbia na unga, mbele ya risasi kuanza, kulikuwa mutu anashuka Nyantende na mihogo. Nilimutuma kwa Mama. Nilimwambia: aseme na wengine, kinga iko mubaya, batupe yote leo leo. Na batupa. Mama alisikia neno yangu. Sasa ninauliza, Maman Apolina, weye unajua hii mambo: walitupa, na bado walikufa. Ilikuwa karuho, ao?"

Mdomo wangu ulifunguka. Miaka yote nilikuwa nimepigana na lile neno karuho, nilikuwa nimelifukuza kwenye vitanda vya wagonjwa, nilikuwa nimegombana kwa ajili yake na mapadri na wakwe. Nilikuwa na jibu la kweli, zima, lenye jina la Kifaransa. Nililishika hapo kwenye ulimi.

Nsimire alinitangulia. Alikuwa anajua, yeye kuliko sisi wote, mwili wake ulikuwa umeshayapita yale. Alitoa mkono wake kwenye kifaa changu cha presha, akamshika mume wake kichwa, akakilaza begani mwake.

"Ilikuwa karuho," akamwambia. "Ilikuwa imeshaingia zamani. Weye ulifanya vizuri."

Kisha akanitazama juu ya kichwa cha mume wake, na mimi nikanyamaza.